Nusu ya Denzil

Penryn, Cornwall
4 Machi 1984

Dada Loveday,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Pearl kimekwisha, paa la banda la nyuma limeanza kuvuja tena pale pale baba alipokuwa akiweka ndoo, na kanisani tumepata mpiga kinanda mpya anayepiga kila wimbo kama mtu anayewahi basi. Pearl ameoka keki ya zafarani. Nimekufungia kipande, kikifika makombo ulaumu posta, usinilaumu mimi.

Sasa, dada, wewe umekaa ofisi ya mawakili miaka thelathini na moja ukiwachapia barua zao, nikaona nisimsumbue mtu mwingine. Kuna rafiki yangu wa kilabuni, mtu wa umri wangu, anataka kuweka mambo yake sawa. Kila anakopita watu wanamrushia maneno: msimamizi wa wosia, mnufaika, kibali cha mahakama, nyongeza. Anatikisa kichwa kama mjuzi, kumbe haelewi hata moja. Hebu nieleze polepole, kama unamweleza mtu aliyemaliza maisha yake yote chini ya mabasi na spana mkononi. Yaani kama unanieleza mimi.

Usinipigie simu. Sikio lako halielewani na simu, na mimi nikishika lile dude nasahau nilichotaka kusema.

Mdogo wako,
Denzil


Skipton, Yorkshire
11 Machi 1984

Denzil,

Keki imefika nzima na imekwisha. Mshukuru Bi Hocking.

Huku theluji bado iko mlimani. Mwenye nyumba wangu, Bwana Ackroyd, anataka kuuza duka pamoja na vyumba vyangu vya juu. Ananikumbusha kila Jumamosi kwa sauti ya upole, kama daktari mwenye habari mbaya. Zaidi ya hapo sina habari. Magoti ni yale yale.

Mwambie rafiki yako hivi. Wosia ni maneno ya mtu kuhusu mali yake, yanayoanza kufanya kazi siku anapokufa. Hata siku moja kabla, hayana nguvu yoyote, kwa hiyo anaweza kuyachana na kuyaandika upya kila Jumatatu akipenda. Mnufaika ni yule anayeachiwa kitu. Msimamizi wa wosia ndiye anayetajwa kufanya kazi yenyewe: kuzika, kulipa wanaodai, kukusanya vilivyobaki na kuvigawa kama marehemu alivyosema. Watu hudhani kutajwa ni heshima. Ni ukarani usio na mshahara. Kibali cha mahakama ni karatasi inayosema wosia huu ni wa kweli na msimamizi huyu ndiye mwenyewe, maana bila karatasi hiyo benki haimjui mtu.

Nyongeza ni karatasi ya pili inayobadilisha ya kwanza, na inatiwa saini kwa masharti yale yale. Mwambie asiandike pembeni kwa penseli. Niliwahi kuchapa kesi ya mzee mmoja aliyeandika pembeni "saa apewe Harold," akakata, akaandika "asipewe," akakata tena. Harold na dada yake hawakusemeshana mpaka walipozikwa.

Huyo rafiki yako ana mke?

Dada yako,
Loveday


Penryn
2 Aprili 1984

BILA KUATHIRI HAKI

Dada Loveday,

Umeona hapo juu? Jirani yetu Trembath ameniandikia barua kuhusu ua wa miti baina yetu, eti matawi yangu yanamzibia jua, na juu kabisa ameweka maneno hayo. Nimeyapenda. Barua imekuwa na kifua.

Sisi tuko salama. Pearl amepanda viazi vya mapema, mimi nimesimama pembeni nikitoa amri. Mgongo unanisumbua kidogo, uzee huo.

Umeuliza kuhusu mke. Rafiki yangu ana mwanamke anayeishi naye mwaka wa kumi na tisa huu. Hawajafunga ndoa, lakini mji mzima unamwita mke wake, hata mchungaji. Kilabuni wote wanasema mkishakaa pamoja miaka saba sheria inawahesabu mume na mke kwa mazoea, kwa hiyo hana haja ya karatasi. Isitoshe, hospitalini walimpa fomu, penye ndugu wa karibu akaandika jina la huyo mama, na muuguzi hakusema kitu. Basi si imetosha?

Mdogo wako,
Denzil


Skipton
9 Aprili 1984

Denzil,

Kwanza toa yale maneno. "Bila kuathiri haki" huandikwa na watu wanaogombana wakati wanajaribu kupatana, ili anachokubali mmoja kwa ajili ya amani kisije kuonyeshwa mahakamani baadaye kumkaba nacho. Trembath kama anatoa amri tu kuhusu matawi, hayo ni mapambo. Nimeona watu wakimwandikia hivyo hata muuza maziwa.

La pili ni zito, na uliseme hapo kilabuni kwa sauti. Hakuna mke wa mazoea. Nusu ya Uingereza inaamini yupo, wanaambizana baa na kanisani, na hayupo. Si kwa miaka saba, si kwa sabini na saba. Mtu akifa bila wosia, sheria ina orodha yake ya nani anarithi: mke au mume wa ndoa, watoto, wazazi, ndugu, kushuka mpaka shangazi na wajomba. Aliyempikia miaka kumi na tisa hayumo kwenye orodha. Kuna mlango mwembamba, anaweza kwenda kumwomba jaji apewe riziki kama mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu, lakini hapo mawakili watakula kwanza, naye akiambulia kitu ashukuru.

Na "ndugu wa karibu" kwenye fomu ni mtu wa kupigiwa simu. Basi. Kuandikwa hapo hakumpi mtu hata kijiko.

Kwa hiyo rafiki yako aandike wosia, wiki hii.

Bwana Ackroyd amepata mnunuzi. Nina mpaka Krismasi.

Hospitali gani, Denzil? Kilabu chenu hakina wauguzi.

Loveday


Penryn
27 Mei 1984

Dada Loveday,

Nisamehe kukawia. Kulikuwa na maonyesho ya maua, halafu binti wa Trembath akaolewa, halafu hili na lile.

Haya, umenishika. Rafiki ni mimi. Ulijua tangu mwanzo, miwani ya mbao nimeivaa bure. Hospitali ni mambo ya picha ya mgongo, tuliache hilo.

Usinihubirie kuhusu ndoa. Yule Hocking, mume wake wa ndoa, alikwenda Kanada mwaka hamsini na tisa, hakurudi wala hakuandika, na Pearl hataki kusimama mbele ya jaji kudai talaka na kumtaja. Nimemwomba mara mbili. Mara ya pili alilia, na mimi simwombi tena.

Basi nimeandika wosia mwenyewe, ukurasa mmoja: nusu yangu ya nyumba na vyote vilivyomo namwachia Pearl, na msimamizi ni wewe. Nimekupa ukarani usio na mshahara, pokea. Trembath ametia saini Jumamosi juu ya ua ule ule anaoulalamikia. Bi Nancarrow ametia Jumatatu, nyumbani kwake, nilimpelekea. Pearl alitaka kutia na yeye ili uwe na uzito, nikamwambia wawili wanatosha.

Swali moja tu limebaki. Nyumba baba alituachia sote wawili. Nusu yangu, nusu yako, ndivyo? Nikisema nusu yangu ni ya Pearl, amepata pa kukaa?

Na Ackroyd akikutoa, njoo. Chumba cha mama kipo kitupu. Aliyelitaja hilo ni Pearl, si mimi, mimi nakujua.

Denzil


Skipton
3 Juni 1984

Denzil,

Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Huo wosia ni karatasi ya kufungia chipsi.

Mashahidi wawili wanatakiwa wawepo pamoja, chumba kimoja, saa ile ile, wakuone wewe ukitia saini, kisha watie wao mbele yako. Si huyu Jumamosi uani na yule Jumatatu kwake. Hawahitaji kusoma kilichoandikwa, wanashuhudia mkono wako tu. Na shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu. Bi Hocking angetia saini, wosia ungesimama lakini alichoachiwa kingeanguka chote, kwa sababu tu ya kutaka kukusaidia. Umeponea kwenye tundu la sindano. Nilishachapa barua za kuwaeleza watu watatu jambo hilo, na mmoja alikuwa binti aliyemlisha baba yake kwa kijiko miaka sita.

Andika upya. Waite Trembath na Nancarrow jikoni, funga mlango, maliza.

Hati ya nyumba iko ndani ya sanduku langu kubwa. Nitaitazama nikipata nafasi.

Mshukuru Bi Hocking kuhusu chumba. Mimi na jiko la mwanamke mwingine hatutaelewana.

Loveday


Penryn
22 Julai 1984

Dada,

Tumefanya. Trembath na Bi Nancarrow walisimama jikoni wamenyooka kama wanakwaya, nikatia saini, wakatia. Trembath alitaka kujua kama na yeye ameachiwa kitu, nikamwambia nimemwachia matawi. Pearl tulimtuma mkate.

Mwandiko usikushangaze, naandikia kitandani, karatasi iko juu ya goti. Maharagwe yamepanda mpaka juu ya vijiti, mwaka huu ameyafunga Pearl, na ameyafunga vizuri kuliko mimi ingawa sitamwambia.

Hati umeitazama? Nusu yangu nusu yako?

D.


Skipton
28 Julai 1984

[Haikupelekwa]

Denzil,

Hati nimeitazama. Niliitazama Machi, siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, kabla hata sijala keki.

Watu wawili wanaweza kumiliki nyumba moja kwa namna mbili. Namna ya kwanza, kila mtu ana fungu lake, na akifa fungu linakwenda kwa aliyemwandika. Namna ya pili, hakuna mafungu. Wote wawili wana nyumba yote, na mmoja akifa aliyebaki anabaki nayo nzima papo hapo, wosia useme usiseme. Mume na mke huipenda namna hiyo, na kwao inafaa. Wakili wa baba alituandikia sisi namna hiyo ya pili bila kutuuliza, labda kwa mazoea ya kalamu tu.

Kwa hiyo huna nusu. Unamwachia Pearl kitu ambacho kitakoma kuwa chako pumzi yako ikikatika. Ukitangulia wewe, nyumba ni yangu kuanzia kizingiti mpaka bomba la moshi, na yeye ni mgeni ndani yake.

Dawa yake ndiyo inayonitia aibu, kwa kuwa ni nyepesi mno. Mmoja wetu amwandikie mwenzake kwamba anatenganisha umiliki. Mistari miwili. Hakuna ada, hakuna shahidi, hakuna kuomba ruhusa. Barua ikishafika kwa mwenzake tukiwa hai wote wawili, mafungu yamezaliwa.

Nina miaka sitini na sita. Nimelala katika vyumba vya watu tangu nina ishirini na minne, nikigonga mlango wa bafu kabla sijaingia. Wewe ulibaki nyumbani, ukaongeza mwanamke, ukafurahi, na mimi nilileta zawadi kila Krismasi nikalala chumba cha mama kama mgeni. Nimewaza, ndiyo, nimewaza: mwishoni nitarudi na mlango utakuwa wangu. Sikukuombea mabaya. Nilinyamaza tu, na kunyamaza hakuna mtu anayekushtaki.


Skipton
14 Agosti 1984

Denzil,

Salamu. Huku jua limewaka wiki nzima, watu wamevua mpaka soksi. Nimepika jamu ya plamu, chupa kumi na moja, moja imepasuka. Mnunuzi wa Bwana Ackroyd amekuja kupima madirisha huku mimi nakunywa chai, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya kabati.

Sanduku bado sijapata nafasi ya kulipekua. Liko chini ya vitu vingi.

Jitunze mgongo.

Loveday


Penryn
16 Septemba 1984

Dada Loveday,

Salamu. Maharagwe yetu yamepata nafasi ya pili kwenye mashindano. Ya kwanza amepata Trembath, anatembea barabarani kifua mbele.

Mwaka wote umenijibu kila kitu. Nikiuliza kidogo unanipa ukurasa. Nimekuuliza hili moja mara mbili, na mara mbili umenipiga chenga. Wewe uliyekuwa ukipata faili la mtu kwa dakika moja huku umefumba macho, sanduku limekushinda miezi mitatu na nusu. Mimi si mwerevu lakini nimekulia nyumba moja na wewe. Ukinyamaza namna hiyo, jibu liko mkononi mwako na hulipendi.

Sikuulizi tena. Nikueleze langu. Si mgongo. Liko kwenye kongosho, na daktari ameniambia nisifikirie kununua kalenda mpya. Pearl anajua kidogo kuliko hivyo, ingawa juzi nilimkuta amesimama bandani hafanyi chochote.

Kama hati inasema vibaya, nitakufa bila kuisoma, hainidhuru. Lakini wewe ndiye msimamizi. Mtafutie Pearl pa kukaa. Nakuomba kama mdogo wako, si kwa sheria, maana sheria nimeishaiona.

Denzil


Skipton
21 Septemba 1984

Denzil Tregear,

Mimi, Loveday Mary Tregear, nakuarifu kwamba kwa barua hii natenganisha umiliki wetu wa pamoja wa nyumba tuliyoachiwa na baba yetu, namba 7 Tresooth Terrace, Penryn, ili tuwe nayo kwa mafungu mawili yaliyo sawa, nusu yako na nusu yangu.

Loveday M. Tregear

Mdogo wangu, hayo ya juu ndiyo ya kisheria, na haya ni yangu. Kabla ya barua hii hukuwa na nusu. Nilijua tangu Machi na nikakuacha uandike wosia mara mbili juu ya kitu kisichokuwepo. Sasa kipo. Sikutaka jambo lingine lipite kwenye posta kabla ya hili. Nimeomba tiketi ya tarehe mosi Oktoba. Unisubiri tafadhali.

L.


Penryn
26 Septemba 1984

Bi Tregear,

Nasikitika kukuandikia haya kwa barua. Najua simu hukusumbua, na Bwana Trembath amekutumia telegramu kwa hiyo huenda umeshajua. Denzil ametutoka leo saa mbili asubuhi, hospitalini. Walimchukua Jumapili. Hakuwa na maumivu mwishoni, walimpa dawa, alikuwa amelala tu na mimi nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa.

Barua yako iliingia mlangoni Jumatatu asubuhi, nikiwa navaa koti nimfuate. Niliibeba kwenye mkoba siku zote mbili nikingoja aamke aisome. Hakuamka. Sijaifungua. Ina jina lake, na sijawahi kufungua barua ya mtu mwingine, hata zake za kazini kwenye mabasi. Nakurudishia ndani ya hii kama ilivyo, ili usidhani ameisoma na kukaa kimya.

Mazishi ni Jumanne ijayo, saa nane. Chumba cha mama yenu nimekitandika na nimeweka blanketi la pili.

Bwana Trembath ananiambia nianze kutafuta mahali, kwa kuwa mimi si mke na nyumba sasa ni yako. Denzil naye aliniambia mwezi wa nne, ulipomwandikia, kwamba mke wa mazoea hakuna. Alicheka sana siku hiyo lakini hakula. Sitaleta ugomvi wowote. Ningeomba tu mpaka mwisho wa Novemba, dada yangu wa Redruth atakuwa amepata nafasi. Vitanda na vyombo vya mama yenu nimeviorodhesha ili uone kuwa vyote vipo.

Pole sana kwa kumpoteza mdogo wako. Alikutaja sana.

Pearl Hocking


Skipton
27 Septemba 1984

Wifi yangu Pearl,

Nimepata telegramu jana jioni na barua yako leo saa nne asubuhi. Pole. Sijui kusema zaidi ya hapo kwa sasa, nimekaa nimevaa kofia na sijui nilitaka kwenda wapi. Ahsante kwa kumshika mguu.

Sasa nisikilize vizuri, na barua hii uihifadhi. Ile bahasha unayoniambia hakuisoma imeshafanya kazi yake. Ndani yake nilitenganisha umiliki wa nyumba, na bila kufanya hivyo yote ingekuwa yangu kwa kifo chake, wosia ukabaki pambo. Sheria haiulizi kama Denzil aliisoma. Inauliza kama ilifika nyumbani kwake akiwa hai. Iliingia mlangoni Jumatatu, yeye amefariki Jumatano. Tangu Jumatatu asubuhi Denzil alikuwa na nusu yake, ingawa yeye mwenyewe hakujua, na jana saa mbili nusu hiyo ilikwenda kwa wosia alioutia saini jikoni wewe ukiwa dukani. Ni yako. Trembath amesema kweli kuhusu neno mke na amekosea kuhusu nyumba. Wewe usitafute mahali, wala usimhamishie dada yako wa Redruth hata kikombe.

Nikueleze na hili, ili ujue umepata wifi wa namna gani. Umenirudishia mkononi kitu pekee kinachoonyesha haya, na hakuna mwingine duniani aliyejua kilichomo. Chumbani kwangu kuna jiko la makaa na leo linawaka, maana kuna baridi. Krismasi natolewa hapa. Nilikaa na bahasha juu ya magoti mpaka saa tisa, nikasikia kengele ya shule, watoto wakatoka. Nilifikiria mambo ambayo sitayaandika. Nilimfikiria zaidi mtu aliyekaa siku mbili na barua ndani ya mkoba, anajua hana haki yoyote, na bado hakuifungua.

Naituma leo hii kwa rejista, imefungwa vile vile. Stempu ya posta ina tarehe, usiikwaruze. Barua yako ya jana nimeiweka pamoja nayo, kwa sababu umeandika siku iliyoingia mlangoni, na hilo litatakiwa. Ikikufikia, siku ile ile chukua bahasha, chukua na wosia, mpelekee wakili, afungue yeye mbele yako, aandike alichokiona. Mwambie msimamizi wa wosia ni mimi na nimekubali.

Nusu ya pili ni yangu bado. Nakuahidi sitakuondoa wala sitauza ukiwa hai, lakini ahadi ya mdomo juu ya nyumba ni upepo, nimewachapia barua watu wengi waliolia kwa sababu yake. Mwambie wakili aandae hati, nitatia saini Jumatatu mbele ya shahidi. Kuhusu chumba cha mama, tutaongea. Jiko ni lako.

Utajiuliza kwa nini sikuja nayo mwenyewe, wakati Jumatatu nitakuwa hapo. Treni ni mwendo wa saa tisa nzima, wifi, na madirisha yake yanafunguka. Nimeona bora isafiri bila mimi. Na kama posta itachelewa nikafika kabla yake, wewe ndiye utakayesimama mlangoni kuipokea, si mimi. Ukiwa nayo, hata nikikuomba kwa upole nikwambie nataka kuitazama dakika moja tu, usinipe.

Loveday